Gari Limebonyea, Nani Aulizwe?

Neno la leo ni refu kuliko yale ya asubuhi mliyoyazoea, kwa hivyo kama uko kwenye matatu, soma ukifika nyumbani. Na nakuomba usikimbilie kuandika Amina kabla hujafika mwisho, kwa sababu mengi ya leo yananihusu mimi.

Wengi wenu mlikuwepo Jumapili ile niliyohubiri juu ya uaminifu kazini. Mlicheka sana nilipofika kwa mafundi wa magari. Nilisema kuna fundi unampelekea gari likiwa na ugonjwa mmoja, unarudishiwa likiwa na matatu. Nikasema kuna wanaoinua mikono Jumapili, na Jumatatu mikono ile ile inaficha kasoro chini ya rangi. Mlipiga makofi. Mama mmoja alisimama kabisa akapunga leso.

Sasa niwaambie kilichokuwa nyuma ya mahubiri yale.

Alhamisi ya wiki ile nilipeleka gari letu, ile Fielder mnayoijua, kwa fundi mmoja hapa Nakuru. Breki za mbele zilikuwa zinalia, na bushi moja ilikuwa imekwisha kwa sababu ya barabara zetu. Fundi mwenyewe ni ndugu wa kanisa hili. Simtaji jina, na mnaomjua nawaomba mnyamaze. Nimemsomea maneno haya yote kabla ya kuyaweka hapa, naye ameyakubali. Ijumaa saa moja jioni nikaenda kulichukua. Giza limeshaingia, mvua inanyesha, na mimi nimechelewa kikao cha mazishi. Nikatuma pesa kwa M-Pesa nikiwa nimesimama mlangoni, nikapewa ufunguo, nikajaribu breki pale pale barabarani, zikashika vizuri, nikaenda zangu. Sikulizunguka gari. Sikupiga hata hatua mbili kwenda nyuma nikaangalia.

Jumapili alfajiri Mama Mchungaji alitoka kupakia sufuria za chai ya wageni. Buti likakataa kufunga. Akaniita. Kwenye ule mwanga wa asubuhi nikaona bampa ya nyuma imepasuka upande wa kushoto, na juu yake bati limebonyea kiasi cha sahani, rangi imekwaruzwa mpaka chuma kinaonekana. Nikajua. Yaani bila kuuliza mtu yeyote, moyoni nilijua ni kule gereji. Fundi wa bodi aliyeliangalia baadaye aliniambia kunyoosha na kupaka rangi ni shilingi 18,000, na bampa ni hesabu nyingine. Mtu mwenye karo ya muhula kichwani hasikii pesa kama hiyo akacheka.

Kitu cha kwanza nilichopaswa kufanya ni kupiga simu. Sikupiga. Nilipanda madhabahuni nikiwa na gari kichwani, na yale niliyopaswa kumwambia mtu mmoja nikawaambia watu wote, nikaacha jina peke yake. Yeye alikuwa ameketi na mke wake, na pembeni yao kijana anayejifunza kazi pale gereji. Ilikuwa mara yake ya tatu kuja kanisani. Nilimwona akiinamisha kichwa. Nikadhani Roho anashughulika naye.

Baada ya ibada nikawaonyesha gari ndugu watatu wanne. Mmoja akasema, "Pasta, hii ni vita. Adui ameona huduma inasonga mbele." Mwingine akasema, "Samehe tu, Mchungaji, Mungu atakulipia." Wa tatu akanivuta kando, akaniambia anamjua mtu kituoni, na kwamba fundi akiitwa huko mara moja atakumbuka kila kitu.

Nawapenda ndugu hawa, na walisema kwa nia njema. Lakini nataka niseme wazi leo kwamba majibu yote matatu hayakuwa sawa, na kanisa letu limeyazoea kupita kiasi.

Tuanze na la adui. Mimi ni Mpentekoste, naamini kuna vita vya kiroho, na nimekesha nikiomba pamoja na wengi wenu. Lakini Shetani hana leseni ya kuendesha gari. Bati halibonyei lenyewe. Liligonga kitu, au liligongwa na kitu, na kulikuwa na mtu kwenye usukani. Tukimpa Shetani kazi ambayo mwanadamu ameifanya, tunamnyima mwanadamu yule nafasi ya kutubu. Kisha tunaenda kufunga na kuomba siku tatu juu ya jambo lililohitaji dakika kumi za mazungumzo.

Lile la "samehe tu" ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu lilinijia likiwa limevaa mavazi ya kiroho. Nisamehe nani? Sikuwa nimemuuliza mtu. Kumsamehe mtu ambaye hujamuuliza ni kumhukumu kimya kimya halafu ujisifu kwa upole wako. Yesu katika Mathayo 18 alisema ukikosewa na ndugu yako, nenda kwake, wewe na yeye peke yenu. Nimefundisha mistari hiyo kwenye vikundi vya nyumbani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Jumapili ile niliiruka, nikaenda moja kwa moja mbele ya kanisa zima.

Na la kituoni hebu tuliache. Mnajua mambo yanavyoendaga.

Jumatano usiku tukiwa mezani Mama Mchungaji akaniuliza swali, tena taratibu, anavyojua kuuliza. "Baba, na kule Molo?"

Nikanyamaza. Kwa sababu kati ya Ijumaa na Jumapili kulikuwa na Jumamosi, na mimi Jumamosi nilikuwa nimeiruka kabisa. Jumamosi tulikuwa mazishini Molo. Niliegesha gari kwenye uwanja wa shule, matope matupu, kati ya matatu mbili na lori lililoleta hema na viti, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi. Magari yalikuwa yanakwama na kusukumwa huku na huku. Tuliondoka na mvua, tukafika nyumbani usiku. Dereva yeyote kati ya wale angeweza kurudi nyuma akaligonga, akaenda zake bila hata kujua. Gari lilipita sehemu mbili, mimi nikakumbuka moja. Na mnajua kwa nini nilikumbuka hiyo moja? Kwa sababu ya Molo singekuwa na mtu wa kumdai. Hasira inatafuta mtu mwenye anwani.

Usiku ule nilifungua Kutoka 22. Nikiwa chuo cha Biblia, sura hizo za ng'ombe na mashimo na malisho tulikuwa tunazipitia haraka tufike kwenye hema ya kukutania. Ndugu zangu, rudini mzisome. Kuanzia mstari wa 7 kuna sheria za mali ambayo mtu amemwachia mwenzake amtunzie. Na Mungu hakuweka hukumu moja kwa kila kesi. Kama mnyama uliyeachiwa ameibwa kwako, unalipa. Kama ameraruliwa na mnyama wa mwitu, unaleta mabaki yawe ushahidi, na hulipi. Ukiazima mnyama wa mtu akaumia mwenyewe akiwa hayupo, unalipa. Mwenyewe akiwa pale pale, hulipi.

Halafu katikati kuna kesi yangu. Mnyama amekufa, au ameumia, au amechukuliwa, na hakuna aliyeona. Nilishtuka nilipoisoma. Mungu wa Israeli, aliyewatoa watu Misri kwa mkono wenye nguvu, alikaa chini akafikiria kesi ambayo hakuna shahidi. Na alisemaje? Hakusema aliyeachiwa ni mwongo. Hakusema mwenye mali anyamaze. Alisema wawili hao waletane mbele za Bwana, aliyeachiwa aape kwamba hakuinyoshea mkono mali ya mwenzake, na mwenye mali AKUBALI. Hapo hakuna malipo. Jambo limekwisha.

Angalieni jinsi sheria hiyo inavyombana kila mmoja. Fundi hawezi kusema "sijui" huku anaangalia kando anakaza nati. Anasimama, anasema mbele za Mungu. Na mimi mwenye gari siwezi kuendelea kunung'unika baada ya yeye kusema. Siwezi kumwambia mke wangu, halafu wazee, halafu madhabahu. Nikishakubali, nimekubali. Mnajua lipi ni gumu kati ya hayo mawili? Mimi nawaambia ni la pili.

Alhamisi asubuhi nikaenda gereji. Nilienda peke yangu, na nilianza na mahubiri yangu kabla ya gari. Nikamwambia, "Ndugu yangu, Jumapili nilikusema mbele za watu kabla sijakuuliza. Nimekukosea." Alikuwa chini ya pikapu ya mtu, akatoka, akajifuta mafuta. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Pasta, mke wangu alilia tukirudi nyumbani. Mimi nilimwambia hausemi sisi. Lakini nilijua unasema sisi."

Hiyo nilistahili, nikaipokea.

Tukazunguka gari pamoja. Nikamwambia habari ya Molo pia, sikuificha. Akawaita vijana wake wawili, kila mmoja akasema alichofanya kwenye gari lile. Kisha akaniambia jambo ambalo mtu mwoga asingeniambia. Alisema Ijumaa alasiri alienda kununua bushi madukani, akamwachia yule kijana mwanafunzi ufunguo ageuze gari liangalie barabara. Hakumwona akigeuza. Aliporudi alikuta limeshageuzwa, hakuangalia nyuma. Akasema, "Mbele za Mungu, mimi sikuligonga, wala sikuambiwa limegongwa. Lakini siwezi kuapa kwa niaba ya mwingine."

Nikauliza kijana yuko wapi. Hajaja kazini tangu Jumapili. Jumatatu alituma ujumbe kwamba ameenda nyumbani. Simu yake imezimwa.

Sasa wapendwa, najua akili zenu zimekimbilia wapi, kwa sababu na yangu ilikimbilia huko huko. "Aha! Kama hana hatia, mbona amekimbia?" Subirini. Mimi pia ningekimbia. Una miaka kumi na tisa, huna baba, umeitwa kanisani na bosi wako, na siku ya tatu mchungaji anasimama na kipaza sauti anasema watu wa kazi yenu ni waongo, watu wanapiga makofi. Kukimbia hapo si ushahidi wa bampa. Ni ushahidi wa mahubiri yangu.

Mnakumbuka habari ya shoka katika 2 Wafalme 6? Wana wa manabii wanakata miti kando ya Yordani, chuma cha shoka kinachomoka, kinatumbukia majini. Lilikuwa la kuazima. Yule kijana angeweza kunyamaza, maana mto haukuwa na kamera. Lakini alilia kwa sauti, akamwambia bwana wake kwamba ni mali ya mtu. Nimelihubiri andiko hili miaka mingi nikisifu muujiza wa chuma kuelea. Wiki hii nimeona kitu kingine. Elisha hakumuuliza ni nani aliyekishika vibaya, wala kama alikaza mpini kabla ya kuanza. Alitaka aonyeshwe mahali kilipoanguka, basi. Kijana alipaza sauti kwa sababu alijua bwana wake ataenda naye mpaka ukingoni mwa maji. Mafundi wenye wanafunzi, wachungaji wenye waumini, wazazi wenye watoto wanaovunja vitu, tujiulize kwa nini kwetu wanatunyamazia.

Hii haimaanishi kwamba mafundi leo wameponyoka. Kazi zenu ninazijua na ninaziheshimu. Yule mwenye gereji ananirudishia breki pedi za zamani kwenye mfuko kila mara, nizione zimeisha, na Kutoka 22 inaniambia huyo anafanya kama mchungaji anayeleta mabaki ya kondoo. Lakini wako kati yenu ambao gari likigongwa uani wanageuza upande wenye alama uelekee ukutani, wanamngoja mwenyewe jioni giza likiingia. Mnajijua. Mambo ya Walawi 6 inamtaja mtu aliyemdanganya jirani yake kuhusu kitu alichoachiwa. Anarudisha kamili, anaongeza sehemu ya tano juu yake, na anampa mwenyewe siku ile ile anayoleta sadaka yake ya hatia. Kwa hesabu ya gari langu hiyo ni 18,000 na 3,600 juu. Usije na fungu la kumi la gereji huku umeshikilia bampa ya mtu. Na Yakobo, mbona hatumtaji tukizungumza juu ya kazi? Alimwambia Labani usoni kwamba miaka ishirini mnyama aliyeraruliwa hakumpelekea hata mabaki, hasara aliibeba mwenyewe.

Na sisi wenye magari tuna yetu. Tunampelekea ndugu gari kwa sababu ni ndugu, tukitumaini bei ya ndugu, na kwa sababu ni ndugu hatuandikiani chochote. Kesho kukitokea jambo, undugu ndio unaolipa. Mtume Paulo alipobeba michango ya makanisa kwenda Yerusalemu alihakikisha wako wengine pamoja naye, asije mtu akamlaumu, akaeleza katika 2 Wakorintho 8 kwamba anataka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Paulo! Kama Paulo alihitaji mashahidi, mimi na fundi wangu ni nani? Unapopeleka gari, lizungukeni pamoja mchana, piga picha pande zote nne na ile ya kilomita, fundi naye apige na simu yake. Unapolichukua, lizungukeni tena. Mvua ikinyesha, zungukeni na mwavuli. Kumzunguka nalo si kumshuku. Unamlinda yeye na wewe, na unamlinda mchungaji asije akahubiri upuuzi.

Kuna aliyeniuliza ndani ya simu kama Mkristo anaweza kumshtaki fundi. Kenya tuna Mahakama ya Madai Madogo, kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai ya mpaka shilingi milioni moja, si lazima uwe na wakili, na kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu nacho kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Mtu wa nje amekuharibia, ushahidi unao, umemwendea kwa heshima naye amekutukana, sioni dhambi ukienda huko. Paulo mwenyewe alikata rufani kwa Kaisari. Lakini kwa ndugu na ndugu, 1 Wakorintho 6 inauliza kama hakuna hata mwenye hekima mmoja kati yetu wa kuamua. Nami nimeaibika. Tuna kamati ya harusi, tuna kamati ya mazishi, tuna kamati ya sare za kwaya ambayo imekaa vikao saba mwaka huu kwa ajili ya rangi ya tai. Hatuna wazee wawili wa kukaa na ndugu wawili kwa saa moja juu ya gari. Nimezungumza na baraza la wazee, na hilo litaanza mwezi huu. Mkiwa na jambo, msilete kwangu kwanza. Mmeona ninavyoyashughulikia.

Fundi alitaka kunilipa nusu. Nimekataa. Alikuwa anatoa kwa sababu mimi ni mchungaji wake na aliogopa nitahubiri tena, na pesa ya namna hiyo siwezi kuitia mfukoni. Alisema neno lake mbele za Mungu, mimi nimelikubali, na sitaliuliza tena. Buti amelitengeneza, linafunga. Bati litabaki limebonyea mpaka nipate 18,000. Mkiliona hapo nje Jumapili msinipe pole.

Jumapili hii katika ibada ya kwanza nitasimama pale pale niliposimama, niseme haya kwa kifupi, kwa sababu si wote mliosikia yale mnaosoma haya. Yule mama wa leso, naomba uwepo.

Na wewe kijana. Najua simu yako haina intaneti, lakini rafiki zako wako hapa, wakusomee. Sisemi ni wewe. Nimesema mbele ya bosi wako kwamba sijui, na kweli sijui. Kama ulikuwa wewe, njoo utuonyeshe mahali, hakuna atakayekudai hata shilingi. Kama hukuwa wewe, njoo vilevile, nikuombe msamaha macho kwa macho. Nauli nitatuma kwa namba ya mama yako, ameshanipa ruhusa. Bosi wako anasema spana zako ziko kwenye kile kisanduku chekundu ulichoziacha, na hajampa mtu.